Pikipiki Yangu Imelala Chini ya Turubai

SWALI

Ndugu Mshauri,

Shikamoo. Mimi ni mwanamke wa miaka 31, na miezi miwili iliyopita nilitimiza jambo nililolitamani tangu nikiwa msichana, yaani kununua pikipiki yangu mwenyewe. Nilijifunza katika chuo cha udereva, nikafaulu mtihani bila kurudia, nikanunua helmeti nzuri, jaketi, glavu na buti, kisha nikachagua pikipiki ya ukubwa wa wastani ambayo muuzaji alinihakikishia kuwa inamfaa mtu anayeanza. Hivi ninavyokuandikia, pikipiki hiyo imefunikwa turubai na haijawashwa kwa siku 19. Nimezihesabu.

Yalinipata mambo matatu. La kwanza lilitokea kwenye taa za kuongozea magari zilizo juu ya mwinuko. Nilisimama nikiwa nimebana breki ya mbele ili pikipiki isirudi nyuma, na taa ilipogeuka kijani nikajaribu kuongeza mafuta huku nikiachia breki na klachi kwa pamoja. Injini ikazima. Nikaiwasha, ikazima tena. Nikaiwasha mara ya tatu, ikazima, taa ikarudi kuwa nyekundu, na magari yaliyokuwa nyuma yangu yakapiga honi mpaka machozi yakanilengalenga ndani ya helmeti. Tangu siku hiyo ninapanga safari zangu kwa kukwepa kila njia yenye mwinuko.

La pili lilitokea siku chache baadaye, nilipokuwa nikigeuza pikipiki katika barabara nyembamba ili nirudi nilikotoka. Nilikuwa katika mwendo wa mtu anayetembea. Nilipoona ukingo wa barabara unakaribia niliukodolea macho, nikabana breki ya mbele, na pikipiki ikalala upande wa kulia pamoja nami. Sikuumia isipokuwa goti lililochubuka, lakini nilishindwa kuiinua, na ni wapita njia wawili walioniinulia.

La tatu ndilo linaloninyima usingizi. Katika kona ndefu, nikiwa kwenye mwendo wa kilomita 60 kwa saa, nilihisi kana kwamba pikipiki inakataa kupinda. Mikono ilikakamaa, macho yakaganda kwenye kingo za chuma za upande wa pili, na nikajikuta nimevuka mstari wa katikati. Ni bahati tu kwamba hapakuwa na gari lililokuwa likija.

Marafiki zangu wanaoendesha wananihimiza niende nao safari ya siku nzima mwishoni mwa mwezi, wakidai kwamba woga hutoka mtu akiwa barabarani. Mdogo wangu wa kiume kila siku ananidai nimpakie. Mume wangu, kwa upole wake, ameanza kuniuliza kama nisingependa kuiuza. Je, kujiamini juu ya pikipiki kunajengwa kwa njia gani? Au kuna watu ambao hawakuumbiwa chombo hiki?

Mwenye Turubai

JIBU

Marahaba, dada yangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili niliisoma nikiwa na kalamu mkononi, kwa sababu umefanya jambo ambalo wengi wanaoniandikia kuhusu hofu hawalifanyi: umeeleza mikono yako ilikuwa inashika nini na macho yako yalikuwa yanatazama wapi. Kwa maelezo hayo sababu za matukio yote matatu zinaonekana wazi, na hakuna hata moja kati yake inayohusu moyo wako kuwa mdogo. Moyo unao, kwani mtu asiye nao hawashi injini kwa mara ya tatu huku akipigiwa honi. Ulichokosa ni ufundi wa aina tatu ambao bado haujakaa mwilini, na ambao mafunzo ya kupata leseni mara nyingi huugusa tu kwa kiasi cha kumwezesha mwanafunzi kufaulu mtihani. Kwa hiyo sitakuambia ujipe moyo. Nitakuambia la kufanya na mikono, miguu na macho, na kuhusu kujiamini naomba uniamini mimi kwa muda, mpaka kwako kuje kwenyewe.

Tuanze na mwinuko. Mkono wako wa kulia ulipewa kazi mbili zinazopingana kwa wakati mmoja: kushikilia breki ya mbele na kuongeza mafuta. Wapo wanaoweza kuzifanya zote mbili pamoja, lakini huo ni ufundi wa mtu aliyezoea. Ukisimama mwinukoni, mguu wa kushoto uwe chini na mguu wa kulia uwe juu ya breki ya nyuma, ili hiyo ndiyo ishikilie pikipiki na mkono wa kulia ubaki huru kwa ajili ya mafuta peke yake. Ongeza mafuta kidogo mpaka usikie injini imechangamka, kisha achia klachi polepole hadi mahali inapoanza kushika, ambapo mlio wa injini hushuka kidogo na pikipiki huonekana kutaka kuondoka. Hapo simamisha vidole. Usiendelee kuachia klachi. Sasa inua mguu kutoka kwenye breki, na utaona kwamba pikipiki hairudi nyuma, kwa sababu injini tayari imeibeba. Ndipo uongeze mafuta zaidi na kumalizia kuachia klachi.

Siri yote imo katika mahali hapo klachi inapoanza kushika, na ningependa tukae hapo kidogo, maana kwa mwendeshaji mpya sioni jambo lenye faida kuliko hilo. Tafuta uwanja wa lami usio na magari, tambarare na mpana, ambapo umeruhusiwa kuingia. Ukiwa umekaa juu ya pikipiki, miguu yote miwili chini na gia ya kwanza ikiwa ndani, achia klachi mpaka pikipiki isogee kiasi cha hatua moja, kisha ibane tena. Rudia. Fanya hivyo mara hamsini bila kuinua miguu na bila kugusa mafuta, kama pikipiki yako inakubali, na kama haikubali ongeza mafuta kidogo tu. Zoezi hili linachosha vidole na halina fahari yoyote kwa anayetazama, lakini ukilimaliza mkono wako wa kushoto utakuwa unajua jambo ambalo hakuna maneno yangu yanayoweza kuufundisha. Baadaye endelea na zoezi la kwenda taratibu kuliko mtu anayetembea, klachi ikiwa imeshika nusu, mafuta yakiwa hayabadiliki, na breki ya nyuma ikigandamizwa kidogo sana ili kuituliza pikipiki. Shindana na nafsi yako kuchelewa kufika mwisho wa uwanja. Kwenda pole bila kuyumba ni kugumu kuliko kwenda kasi, kwa kuwa katika mwendo mkubwa magurudumu yanayozunguka na umbo la pikipiki lenyewe huisaidia kusimama wima, ilhali katika mwendo mdogo anayeisimamisha ni wewe.

Ukishaufahamu mwendo huo, kule kugeuka kulikokuangusha kutakuwa karibu kumejitatua. Karibu, lakini si kabisa, kwa sababu palikuwa na makosa mawili mengine. Breki ya mbele ikibanwa ghafla wakati usukani umekunjwa na pikipiki iko katika mwendo wa kutambaa, uzito wote huangukia upande mmoja na hakuna mguu wa kuuzuia. Hivi ndivyo pikipiki nyingi za wanaoanza zinavyolala, na hata sisi wazoefu tumelala hivyo. (Mimi niliwahi kuangusha yangu ikiwa imesimama kabisa, mbele ya watu waliokuwa wakinisifu, kwa kuwa nilishuka nikiamini kuwa nimeteremsha stendi.) Katika mwendo wa kutambaa, mkono wa kulia uondoe vidole kwenye breki ya mbele, na kupunguza mwendo kuwe kazi ya breki ya nyuma na klachi.

Kosa la pili lilikuwa la macho, nalo ndilo lililojirudia kule kwenye kona ndefu. Pikipiki hufuata macho ya anayeiendesha. Ukiukodolea ukingo wa barabara, mabega hugeukia huko, mikono huyafuata mabega, na pikipiki haina budi kwenda ulikokuwa unaogopa kwenda. Unapogeuza, zungusha kichwa chote, kidevu kikiwa juu ya bega, utazame mahali unapotaka kutokea. Ukingo wa barabara utaonekana kwa pembe ya jicho, na hapo panautosha. Nakuonya mapema kwamba mwanzoni mwili utakataa, kwa kuwa ni silika ya binadamu kukitazama kile kinachomtisha. Weka koni mbili au chupa mbili uwanjani, uzizunguke kwa umbo la namba nane, na ujilazimishe kuitazama ile unayoiendea kabla hujamaliza kuizunguka ile uliyo nayo.

Kona ya kilomita 60 kwa saa inahitaji maelezo ya pekee, kwa kuwa hapo pana jambo ambalo huonekana kama mzaha mtu anapolisikia mara ya kwanza. Pikipiki ikiwa katika mwendo wa kutambaa, unakunja usukani kuelekea unakokwenda, kama baiskeli ya mtoto. Mwendo ukishapita ule wa baiskeli inayokimbia, kanuni hugeuka: ukitaka kwenda kulia, sukuma mkono wa kulia wa usukani mbele kidogo. Gurudumu la mbele litaelekea kushoto kwa muda mfupi usioonekana, pikipiki italalia kulia, na ikishalalia kulia itapinda kulia. Kila mtu aliyewahi kupinda kona kwa mwendo huo alifanya hivyo hata kama hakujua. Wewe mikono yako ilipokakamaa, mkono mmoja ulisukuma na mwingine ukaupinga kwa nguvu ileile, kwa hiyo pikipiki ikapokea amri mbili na ikaendelea kwenda moja kwa moja. Karibu kwa hakika pikipiki ingeweza kuipinda kona ile kwa mwendo ule bila taabu. Ilikuwa inangoja uiambie.

Lijaribu hilo kwanza katika barabara pana, iliyonyooka na isiyo na magari, kwa mwendo wa kilomita 40 hivi. Viwiko vilegee, mwili ushikiliwe na magoti yanayobana tangi, wala si na mikono. Sukuma mkono wa kulia kwa nguvu ya vidole viwili, uhisi pikipiki ikiegemea kulia, kisha sukuma wa kushoto. Utaona jinsi nguvu inayohitajika ilivyo ndogo. Baada ya hapo, ukiwa kwenye kona halisi, maliza kupunguza mwendo kabla hujaingia, uingie kwa mwendo unaouona wewe kuwa ni mdogo mno, utazame mwisho wa kona kwa kadiri unavyouona, na uyashikilie mafuta bila kuyakata ghafla. Ukihisi katikati ya kona kwamba umeingia kwa kasi, tazama unakokwenda na usukume zaidi mkono wa upande huo. Kubana breki kwa hofu huiinua pikipiki na kuipeleka palepale pa kingo za chuma.

Kusimama kwa dharura hukukutaja, nami nashuku hujawahi kuibana breki kwa nguvu kamili. Wengi huiogopa breki ya mbele baada ya kuanguka nayo mara moja, wakaamua kutegemea ya nyuma, na huo ni uamuzi wa hatari. Pikipiki inayosimama kwa nguvu huhamishia uzito wake mbele, kwa hiyo gurudumu la mbele ndilo linalokamata barabara na breki ya mbele ndiyo inayofanya sehemu kubwa ya kazi, alimradi usukani umenyooka na mkono unakamua kwa kuongeza nguvu taratibu badala ya kunyakua. Fanya mazoezi uwanjani pakiwa pakavu, kwanza kutoka kilomita 30 kwa saa, halafu 40, mpaka ujue kwa mwili wako pikipiki inasimama baada ya urefu gani. Kumbuka kwamba mwendo ukiongezeka mara mbili, umbali wa kusimama kwa breki huongezeka takribani mara nne, na kwamba kwa kilomita 60 kwa saa unapita karibu mita 17 katika kila sekunde kabla mkono haujagusa chochote. Hizo mita 17 ndizo sababu ya kuacha nafasi kubwa mbele yako, hata kama madereva wengine wataichomekea.

Mwaka 1981 ulichapishwa nchini Marekani uchunguzi maarufu ulioongozwa na Harry Hurt wa Chuo Kikuu cha Southern California, ambao wachunguzi wake walikwenda wenyewe kwenye maeneo ya ajali 900 za pikipiki huko Los Angeles. Mambo mawili katika uchunguzi huo yanakuhusu. Zaidi ya nusu ya waendeshaji waliopata ajali walikuwa na uzoefu usiofika miezi mitano juu ya pikipiki ileile waliyokuwa nayo siku hiyo, ingawa wengi walikuwa wameendesha pikipiki nyingine kwa muda mrefu zaidi. Kwa hiyo tahadhari yako ya miezi hii ya mwanzo si ugonjwa wa kutibiwa. Iko mahali pake. La pili ni kwamba, katika ajali zilizohusisha gari jingine, takribani theluthi mbili zilisababishwa na dereva wa gari kumnyima mwenye pikipiki haki yake ya kupita, na mara nyingi dereva huyo hakuwa amemwona. Chukulia basi kwamba huonekani. Usikae ubavuni mwa gari mahali ambapo huuoni uso wa dereva kwenye kioo chake, na unapokaribia makutano, tazama magurudumu ya mbele ya gari linalongoja kuingia, kwa sababu gurudumu huanza kuzunguka kabla dereva hajaonyesha nia nyingine yoyote. Vidole viwili viwe vimegusa breki ya mbele hapo.

Umesema ulishindwa kuiinua pikipiki, na nadhani aibu hiyo inakuuma kuliko goti. Kuna namna ya kuiinua ambayo haitegemei nguvu za mikono. Zima injini, na ukinusa petroli inayovuja subiri kwanza. Kwa kuwa ililalia upande wa kulia, teremsha stendi ya pembeni kabla ya kuinua ili isije ikapitiliza na kuangukia upande wa pili, kisha ingiza gia ili isibingirike. Kunja usukani wote kuelekea chini, igeuzie pikipiki mgongo, uchuchumae huku makalio yakiegemea kiti, mkono mmoja ushike mshikio wa usukani ulio chini na mwingine ushike sehemu imara ya fremu upande wa nyuma. Nyoosha mgongo, usukume kwa miguu, utembee kinyumenyume kwa hatua ndogondogo. Omba mtu akusimamie mara ya kwanza, mkiilaza taratibu juu ya godoro kuukuu. Nimewaona watu wembamba wakiinua pikipiki nzito kwa njia hii, na nimeona pia jinsi nyuso zao zinavyobadilika wakishaiinua.

Sasa niwageukie ndugu na marafiki. Safari ya mwisho wa mwezi usiende. Marafiki zako wanakupenda, lakini wamesahau ugeni ulivyo: mtu mpya katika msafara huendesha kwa mwendo wa wenzake, na akiwa wa mwisho hulazimika kukimbiza ili asiachwe. Mchague mmoja kati yao aliye mtulivu kuliko wote, umwombe akupe muda wa saa moja tu, asubuhi ya siku ya mapumziko, wewe utangulie na yeye akufuate nyuma ili magari yasikusonge. Hiyo saa moja itakufaa kuliko kilomita 300. Mwambie pia mdogo wako angoje, kwa sababu abiria hubadilisha uzito, urefu wa kusimama na namna ya kupinda, na wewe bado unaisoma pikipiki ikiwa na mtu mmoja. Asiposikia, mwambie nimekataza mimi.

Mume wako nadhani hataki uuze pikipiki. Anataka kukuona hulii. Mchukue uwanjani, umpe kazi ya kupanga koni na kuhesabu sekunde unazotumia kufika mwisho. Na ikiwa baada ya haya yote, ukiwa umeshajua kupanda mwinuko, kugeuza na kupinda kona, utagundua kwamba bado hupendi kuiendesha, iuze bila haya, kwani kutopenda ni sababu halali. Ninachokusihi ni kutoiuza sasa hivi, wakati hujui bado kama unachokikataa ni pikipiki au ni klachi.

Mazoezi yawe ya nusu saa, mara tatu kwa wiki, na uyaache kabla hujachoka, kwa kuwa mikono iliyochoka hujifunza makosa. Barabarani anza na njia unayoijua, mchana, pakiwa pakavu. Mvua iache kwa sasa, hasa ile ya kwanza baada ya ukavu wa muda mrefu, inapochanganyika na mafuta yaliyodondoka juu ya lami.

Kesho ondoa turubai. Baada ya siku 19 pima upepo wa matairi kabla hayajapata joto, ukifuata kipimo kilichoandikwa kwenye kitabu cha pikipiki, tazama kama mnyororo umekauka, na uiwashe uone kama betri bado ina nguvu. Usiende popote siku hiyo. Kaa juu yake palepale nyumbani, ikiwa mbele yako pana nafasi ya hatua chache, achia klachi taratibu, kisha uniandikie uniambie inaanza kushika wapi.